Siku yangu kathilabu, chumba cha kuzibua mishipa ya moyo: mshipa uliogeuka chokaa

Saa 12:30 asubuhi. Chai baadaye. Kwanza mtungi wa nitrojeni, maana ndio unaozungusha drili yetu ya kusaga chokaa ndani ya mshipa. Siku moja tuliukuta mtupu mgonjwa akiwa tayari mezani. Tangu hapo siamini mtungi uliokaguliwa na mtu mwingine.

Saa 2:10. Mzee wa miaka 71, seremala mstaafu, kisukari cha siku nyingi. Kwenye eksirei, kabla hata ya dawa ya rangi, mshipa wake wa moyo wa kulia unaonekana wenyewe kwa chokaa, mistari miwili kama reli. Daktari anapitia kwenye kifundo cha mkono. Waya unapita, ila kifaa cha ultrasaundi cha kutazama ndani ya mshipa kinagoma.

Saa 3:05. Basi drili. Kichwa chake ni milimita 1.5, kimepakwa vumbi la almasi, kinazunguka mara 160,000 kwa dakika. Daktari anadonoa kidogokidogo, mimi nahesabu kwa sauti. Sekunde 15, anatoa, tunapumzika.

"Sista, mbona nasikia nyigu?" Mzee yuko macho.

Mzunguko wa tatu, mapigo yanashuka hadi 38. "Kohoa, mzee! Kohoa tena!" Atropini, dawa ya kupandisha mapigo, iko mkononi mwangu. Anakohoa, mapigo yanapanda, jasho langu linashuka ndani ya aproni ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi.

Saa 3:50. Ultrasaundi sasa inapita: chokaa imezunguka mshipa mzima, nene. Tukijaza puto, linavimba huku na huku, katikati limebanwa kiuno. Hapo ndipo mwenye haraka huharibu. Stenti, kile kibomba cha wavu cha kuushikilia mshipa wazi, isipofunguka vizuri haivuliki kirahisi, na damu huganda juu yake. Tunaleta puto la mawimbi ya mshtuko ya kupasua chokaa: shinikizo la atimosfia 4 tu, pigo moja kila sekunde, kumi kwa awamu. Awamu ya nne, kiuno kinaachia. Chumba kizima kinashusha pumzi.

Stenti yenyewe? Dakika chache. Ndugu huulizia hiyo tu.

Saa 6 hadi 9. Wagonjwa wawili wepesi, wali maharage, makaratasi.

Saa 10 jioni. Wodini, nalegeza bangili inayobana tundu mkononi mwa mzee. Damu haitoki.

"Ile keekee yenu imenolewa kwa nini?"

"Almasi, mzee. Tena hutumika kwa mgonjwa mmoja tu, kisha inatupwa."

Ananyamaza, anatikisa kichwa. "Mngenipa mimi."