Simu ya Msiba Isiwe ya Mtu Mmoja: Kumlinda Afisa Ustawi wa Hospitali Wakati wa Janga

Ugonjwa wa mlipuko ukiingia, hospitali huhesabu vitanda, mitungi ya oksijeni, madaktari na wauguzi. Afisa ustawi wa jamii hukumbukwa baadaye, ndugu wanapojaa getini wakiuliza kama mtu wao bado yuko hai. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, Tanzania tarehe 16. Wodi zilipofungiwa wageni, kazi ya kuunganisha mgonjwa na nyumbani kwao iliangukia kwa kiasi kikubwa dawati la ustawi, ambalo kwa kawaida lina watu wachache na simu moja, au halina kabisa.

Semina za kujitunza zina faida yake. Kulala vya kutosha na kufanya mazoezi ni jambo jema. Ila sehemu kubwa ya kinachomchosha afisa huyu hutoka kwenye ratiba na utaratibu wa kazi, na huko ndiko pa kuanzia.

Tuanze na simu za msiba, kwa kuwa hapo ndipo watu huumia zaidi. Kabla ya kupiga, fungua faili na ukae na muuguzi wa zamu mlinganishe jina kamili, umri, namba ya usajili na namba ya ndugu wa karibu. Wodi iliyojaa inaweza kuwa na wagonjwa wawili wenye jina moja, na kumpigia mtu msiba usio wake ni kosa ambalo familia haisahau, wala aliyelifanya. Piga ukiwa chumba tulivu, pamoja na daktari. Yeye atoe taarifa ya kifo na chanzo chake. Afisa ashike yanayofuata: nani mwingine aambiwe, mwili uko wapi, kibali cha mazishi, usafiri. Afisa akiachiwa simu peke yake ataulizwa kwa nini mgonjwa hakupelekwa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, au kama oksijeni iliisha. Hana jibu la kitabibu, na lolote atakalosema litamrudia usiku.

Muulize anayepokea yuko wapi na yuko na nani. Kama anaendesha bodaboda, asimame kwanza. Kisha sema wazi kwamba mgonjwa amefariki. Ukisema "hali imebadilika", ndugu atafunga safari na uji kwenye chupa ya chai, na msiba ataupokea getini mbele ya mlinzi. Ukishasema, nyamaza. Kilio kikianza, habari za mochwari zisubiri.

Kwa maoni yetu, simu tatu za namna hii mfululizo zinamtosha mtu mmoja. Ya nne aishike mwenzake, na aliyepiga hizo tatu atoke nje dakika 15 bila faili mkononi. Msimamizi ndiye aandike zamu hizo kwenye ratiba, kwa sababu afisa mwenye huruma hatajiondoa mwenyewe.

Simu itumike ya hospitali. Afisa akitumia namba yake binafsi, atapigiwa saa nane usiku, Jumapili, hata akiwa likizo, na mwili wake hautapata saa ya kupumzika. Simu moja ya ofisi na daftari la makabidhiano vinatosha: familia ipi imeshapigiwa, nani amepokea, imeahidiwa nini, ipigiwe tena lini. Makabidhiano yakiwa ya mdomo tu, familia hupewa taarifa mbili zinazopingana, na lawama humfikia aliye dawatini asubuhi.

Jeraha la pili ni bili. Mgonjwa aliyelazwa ICU anaacha deni ambalo familia yake haiwezi kulilipa, na afisa ndiye anayetathmini uwezo wao ili wapewe msamaha. Anajua wanastahili, lakini fungu halitoshi. Kujua lililo sahihi na kuzuiwa kulitenda kunaumiza kwa namna ambayo usingizi hautibu. Dawa yake ni ya kiutawala: vigezo viwe kwenye maandishi, uamuzi utolewe na kamati ya angalau watu watatu, na barua ya kukataa isainiwe na mkuu wa kitengo. Asiye na mamlaka ya kusema ndiyo asitumwe peke yake kusema hapana.

Mazishi nayo yana uzito wake. Kenya iliweka kikomo cha waombolezaji 15 mwaka 2020, na mara nyingi afisa ndiye aliyewaeleza wazee wa ukoo. Sheria ya aina hiyo ifike kwake kwa maandishi kabla ya familia kufika, pamoja na kile kinachoruhusiwa. Tangu Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba ndugu wanaweza kuutazama mwili bila kuugusa, kisha wanawe mikono. Afisa anayejua hilo ana kitu cha kuwapa.

Barakoa: jina la afisa ustawi liwe kwenye orodha ya mgao ya wodi anayoingia. Kuazima kwa wauguzi kila siku ni hatari, na ni fedheha.

Mwisho wa zamu, kaeni dakika 10 hadi 15: nini kilikuwa kigumu, utaratibu upi ulikwama, nani anahitaji nini kesho. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Kuwakusanya watu mara moja na kuwataka wasimulie tukio zima kwa kina ni njia ambayo Shirika la Afya Duniani halishauri, kwa kuwa haikuonyesha kuzuia madhara ya kisaikolojia. Wawekeni wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Dalili huonekana kazini mapema: faili zinarundikana bila kufuatiliwa, mtu anashtuka simu ikilia, anaanza kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda, au anakuja kazini hata siku yake ya mapumziko.

Dodoso la ProQOL, linalompima mtu jinsi kazi ya kusaidia wengine inavyomgusa, lina maswali 30 kuhusu siku 30 zilizopita, nalo ni la bure. Lina sehemu tatu: kuridhika na kazi ya kusaidia, uchovu wa kazi, na athari za kubeba majeraha ya wengine. Kila sehemu ikipata alama 22 kushuka chini ni kiwango cha chini, 23 hadi 41 cha kati, 42 na zaidi cha juu. Halitoi utambuzi wa ugonjwa. Majibu yabaki kwa aliyejaza na mshauri wake. Yakiingia kwenye faili la utumishi, wote watajaza kwamba wako salama.

Wimbi likishuka, msifunge vikao vya ushauri. Wengi hujikaza kazi ikiwa imepamba moto, kisha huanguka wiki kadhaa baadaye. Pangeni likizo kwa zamu mara wagonjwa wanapopungua, na kabla mtu hajaondoka aandikwe atakayeshika simu na daftari lake.