Jadak

Agosti 1997 tulifika Siaya, magharibi mwa Kenya, kwa basi, tumechoka, tumebeba nguo na godoro. Usiku wa tarehe 13, watu wenye silaha walikuwa wamevamia kituo cha polisi cha Likoni, Mombasa, na vikaratasi vikazagaa vikiwataka wabara waondoke Pwani. Mimi nilizaliwa Likoni. Kijaluo cha wazazi nilikielewa, lakini nikikijibu kwa Kiswahili. Hata hivyo mbara nilikuwa mimi pia, na Baba, aliyefanya kazi bandarini Kilindini, akasema tunakwenda nyumbani.

Muda si mrefu akaanza kuchomeka vijiti vya mnyaa kuzunguka boma la marehemu babu. Vijiti hivyo hushika upesi, na ua wa mnyaa ukishakomaa, hakuna wa kubisha mpaka unapita wapi. Mzee mmoja wa ukoo akaja. Hakupaza sauti.

"Okewo," alimwita Baba, yaani mtoto wa dada yetu. "Mvua ikinyesha utalima, hakuna atakayekuzuia. Lakini jadak hapandi ua."

"Nimesikia, nera," Baba akamjibu mjomba wake, akainama kung'oa.

Usiku Mama alinieleza. Jadak ni mtu aliyekaribishwa kukaa kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Atajenga na atalima, lakini weg lowo, wenye ardhi, ni wengine. Mama yake babu alikuwa binti wa ukoo ule. Alipofiwa na mume alirudi kwa kaka zake, mwanawe mgongoni. Babu akalelewa pale, akaoa pale, akazikwa pale. Ardhi ilipopimwa na hati kutolewa, shamba alilolima likaandikwa jina la mwingine.

Kilichoniumiza ni kwamba mzee yule alitupenda. Ndiye aliyetuletea mahindi siku tuliyofika. Walioandika vile vikaratasi hawakunijua, nikaweza kuwachukia. Yeye nilishindwa. Katika miezi tuliyokaa, sikulisikia neno jadak kisimani, wala kanisani, wala msibani, ambako Baba alichimba kaburi bega kwa bega na wajomba zake. Lilitajwa tu palipoguswa ardhi: ng'ombe akivuka, mtu akitaka kupanda mti wa kudumu. Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba ni neno la ukoo tu, lisilo na ubaya. Lilifanya kazi ya hati miliki, na liliifanya mbele ya watoto.

Mwaka uliofuata Baba alirudi Likoni. Nyumba yetu ilikuwa imesimama, milango imebebwa. Nyumba ilikuwa yetu, kiwanja si chetu. Kama nyumba nyingi za Mombasa, ilijengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, na kila mwezi tulilipa kodi ya ardhi. Baba alikwenda kwanza kulipa malimbikizo, ndipo akatafuta fundi wa milango.