Dalton 43

Jana mwanafunzi alifungua kichupa cha DTT, kemikali inayovunja vifungo vya salfa ndani ya protini, harufu ya yai viza ikajaa maabara. Akauliza, "Mwalimu, mbona sampuli tunaziacha kwenye joto la chumba? Maelekezo niliyosoma yanasema nyuzi 56."

Nikakumbuka zile sampuli kumi na mbili.

Sita linganishi, za seli zisizopewa dawa, na sita za seli zilizopewa dawa, zote ndani ya yurea ya molari 8, inayokunjua protini. Linganishi nilizipa DTT ya milimolari 5 katika joto la chumba. Kesho yake muda ulibana, nikaziweka za dawa kwenye hita, nyuzi 56, dakika 30, tena kwa yurea iliyokwisha kukaa rafuni wiki kadhaa. Kisha iodoasetamidi gizani, ili vifungo hivyo visijirudie, yurea ikazimuliwa hadi chini ya molari 1, tripsini, kimeng'enya kinachokata protini penye asidi amino za lisini na arginini, sehemu 1 kwa 50 za protini, nyuzi 37 usiku kucha. Mashine inayopima uzito wa vipande ikasoma. Protini tuliyokuwa tukiisaka ilikuwa imeshuka, na kundi zima likafurahi.

Usiku nikafungua peptidi zake, yaani vipande vilivyokatwa, mojamoja. Zilizokatwa kwenye lisini zilikuwa zimeshuka. Zilizopakana na arginini pande zote mbili hazikutikisika. Lakini zote zinatoka kwenye mnyororo uleule. Dawa ikipunguza protini yenyewe, vipande vyake vyote vingepaswa kushuka pamoja.

Nikatafuta upya, safari hii nikiruhusu lisini isiyokatwa. Ikatokea peptidi ndefu, lisini ikiwa katikati. Nikakuza spektra, mchoro wa uzito wa vipande vyake, nikahesabu vipande kutoka mkiani. Vinne vya mwisho vilikaa mahali pake. Cha tano, chenye lisini, kilizidi kwa dalton 43.006 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), na kila kilichofuata kikabeba ziada ileile. Asetili, kikundi kingine kinachoweza kujishikiza kwenye lisini, ingekuwa 42.011. Nilirudia hesabu mara tatu, kidole kikiwa kwenye skrini.

Ilikuwa yurea. Ikipashwa joto huzaa asidi ya isosianiki, nayo hung'ang'ania amini ya lisini, na tripsini haiitambui tena lisini hiyo. Programu nayo husawazisha ishara kati ya sampuli, kwa hiyo hasara ya jumla ilifichika. Zikaonekana kushuka zile tu zinazotegemea peptidi za lisini, na yetu ilikuwa mojawapo.

Tulirudia zote siku moja, kwa yurea mbichi, bila hita. Tofauti ikatoweka.

Mwanafunzi akaitazama spektra kwa muda. "Na seti za kabla ya hapo?"

Zile zilipashwa joto zote sawasawa, kwa hiyo nadhani ulinganisho unasimama. Lakini sikuwahi kuzitafuta upya nikiwa na 43.006 kwenye orodha ya mabadiliko. Jana jioni nilianza na ya zamani kuliko zote.