Nilitaka tone, nikatoka na duara

Kwa miaka miwili nilitembea na picha moja kwenye simu: titi likitazamwa kwa upande, juu limeteremka taratibu, chini limejaa. Kipandikizi, yaani kifuko kinachowekwa ndani ya titi, cha umbo la tone la maji, nikajisemea, ndicho changu. Cha duara nilikiona ni cha wale wanaotaka kifua kiingie mlangoni kabla ya wenyewe. Mimi nilikuwa nimenyonyesha wawili, kifua kimenywea, nikitaka tu kirudi kinachofanana na cha zamani.

Daktari hakubishana nami. Alifungua droo akanipa viwili, kila mkono kimoja. Cha tone kilikuwa kigumu kidogo. Jeli yake ya silikoni imeshikamana zaidi ili umbo lisipotee. Cha duara kilikuwa laini. Kisha akakishika kile cha tone, akakigeuza juu chini.

"Haya, dada, kikizunguka hivi ndani ya mwili?"

Uvimbe wote ulikuwa umekaa juu. Sikuwa na jibu. Cha duara akakizungusha kama usukani, na hakikubadilika chochote.

Ndiyo maana vya tone kwa kawaida huwa na ganda lenye mikwaruzo, nyama ipate pa kushika. Hapo ndipo nilipoanza kusita. Ganda la namna hiyo limehusishwa na saratani ya nadra ya mfumo wa limfu, ambayo si saratani ya matiti. Huota kwenye kovu linalozunguka kipandikizi. Mwaka 2019 Ufaransa ilipiga marufuku baadhi ya vipandikizi vya aina hiyo, na Julai mwaka huohuo kampuni ya Allergan ikaviondoa vyake vya BIOCELL sokoni duniani kote. Daktari alisisitiza kwamba hatari ni ndogo. Sawa, lakini mimi ni mtu wa kuamka usiku kwenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Akasimamisha cha duara wima kiganjani. Jeli ikateremka, juu pakapungua, chini pakajaa. Lo! Picha yangu ya simu ile pale.

Kazi kubwa ikabaki kwenye vipimo. Upana wa titi langu ulikuwa sentimita 12 na ushee, na kipandikizi hakitakiwi kuuzidi, la sivyo kinasukumana na kwapa. Upana ukishajulikana unachagua kimo, yaani kitachomoza kiasi gani mbele. Kimo kikipanda, ujazo nao unapanda. Cha kimo kirefu ndicho kinachotoa ule mpira niliokuwa nauogopa. Kumbe miaka yote nilikuwa naulaumu mviringo bure.

Nyumbani nikapima mchele, mililita 350 kila upande, nikaufunga kwenye soksi nyembamba na kuuvaa ndani ya sidiria. Nikadeki, nikapanda ngazi, nikainama kufunga viatu. Jioni mikanda ya sidiria ilikuwa imenichora mabegani, na dada yangu mkubwa anacheka: "Mdogo wangu, umebeba ghala!" Nikashuka hadi 275, nikakaa nayo siku mbili mpaka nikaisahau. Nikachagua hiyo: duara, ganda laini, kimo cha wastani, chini ya msuli.

Wiki za kwanza baada ya upasuaji nililia. Vilikuwa vimekaa juu, vigumu kama vibao, msuli umevikaza. Nilikuwa nimeambiwa itakuwa hivyo, ila kuambiwa na kujitazama kwenye kioo ni mambo mawili. Vilishuka polepole, kufikia mwezi wa tatu nikaanza kuvaa fulana bila kuvuta shingo yake kila dakika. Najua pia si vya maisha yote. Mwaka wa 5 nitapigwa ultrasaundi kuona kama ganda limepasuka, kisha kila baada ya miaka 2 au 3.

Dada alinizunguka akinikagua. "Kwa hiyo ulipata tone lako?"

Nikamwambia ni duara. Hakuamini mpaka nilipolala chali.