Ndege wa msituni hawaonekani kirahisi, tusidanganyane

Kila nikiingia mtandaoni nakutana na picha ya ndege wa msituni kakaa kwenye kijiti kisafi, mwanga umempiga vizuri, nyuma kijani tupu, na chini yake watu wanaandika "nataka kwenda huko wikiendi". Nendeni jamani, tena nendeni, ila mjue hiyo picha mtu kaisubiri mpaka mbu wamemchoka, na asubuhi yenyewe ndege wengi mtawasikia tu, mkiona mkia unapotelea kwenye majani mshukuru.

Sababu kubwa ni giza. Chini ya msitu mnene wa kitropiki hata saa tatu asubuhi bado kuna kivuli cha kutosha kukuchanganya kahawia na kijani, miti imepanda mita 30 na zaidi, halafu ndege wenyewe wengine wanaishi huko juu kabisa matawi yanakokutana, wengine wako chini wanachakura majani makavu, na wote wana sababu zao za kutotaka kuonekana. Kwa hiyo waliozoea wanasikiliza kwanza. Ukishazijua zile sauti za kila siku, shore, hondohondo, ninga, kororo, basi ile ngeni inakustua yenyewe, na hapo ndipo unainua darubini. Kujifunza hizo za kawaida kunaboa, hilo silipingi, unaamka alfajiri kwenda kusikiliza shore ambaye hata nyumbani yupo, lakini usipomjua huyo shore utakimbizana naye msitu mzima ukidhani umepata kitu adimu.

Na watu wanatembea mno. Wanaingia msituni kama wanawahi basi, kilomita baada ya kilomita, wakitoka wanasema msitu ule hauna ndege. Simama bana. Misitu hii ina tabia moja, unaweza kukaa nusu saa husikii chochote isipokuwa nyenje, ghafla mti mmoja unajaa ndege wa kila aina, wadogo wakubwa, wengine kwenye gome, wengine kwenye majani, wengine wanadaka wadudu hewani, wote wanasogea pamoja upande mmoja. Wanatembea kundi kwa sababu macho mengi yanamwona mwewe mapema, na pia mdudu anayetimuliwa na huyu analiwa na yule. Dakika chache wamepita, kimya kinarudi. Hapo ndipo utamjua mzoefu, maana mgeni anahangaika kumpata mmoja aliyeko kileleni kabisa wakati mzoefu kashaona wanne walio usawa wa macho.

Kitu kingine cha kusimamia ni siafu. Najua kila mtu anawakimbia, na kwa haki kabisa, chomeka suruali ndani ya soksi na usikanyage mstari wao, lakini msafara mpana wa siafu ukipita kwenye majani makavu kila panzi, mende na buibui anatoka mbio, na wapo ndege wanaoishi kwa kuwavizia hao wakimbizi, kina kurumbiza wa msituni wasiojitokeza kirahisi kwingine. Kaa pembeni hatua kadhaa, tulia, wacha wao waje. Mimi siku nikikutana na siafu wanaofanya kazi hivyo safari yote ya kutembea huwa inaishia hapo hapo, wenzangu wakitaka kuendelea waendelee.

Wa kuwaonyesha wageni kila mara ni trogoni, yule Narina. Mwili wa chini mwekundu wa kuwaka, mgongo kijani kinachometa, ungefikiri utamwona ng'ambo ya bonde. Wapi. Anakaa wima kwenye tawi, hatikisiki, na amekupa mgongo, kwa hiyo unachotazama ni kijani ndani ya kijani. Unasikia sauti yake nzito ya chini chini ikijirudia, unahisi iko kulia kumbe iko mbele yako, na ukimpata ni kwa sababu amegeuza kichwa taratibu, kichwa peke yake, mwili haujasogea hata kidogo, ukaona mdomo wa njano. Baada ya hapo unajiuliza ulikuwa unamkosaje muda wote ule.

Darubini sasa, maana naulizwa sana. Chukua 8x42 usisumbuke. Ile 8 ni mara ngapi inakuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na ukigawa 42 kwa 8 unapata kama milimita 5 za mwanga unaofika jichoni, ambazo msituni unazihitaji zote. Ya 10x42 inakupa kama 4 tu, inakuza zaidi lakini inakuza na mtetemeko wa mikono yako, na eneo unaloliona ni dogo zaidi, kwa ndege anayeruka tawi hadi tawi utakuwa unatazama tawi aliloliacha. Kwenye maji wazi hiyo kumi ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila vile vidogo vya kutia mfukoni vya 8x21, msituni acha.

Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ndio mahali pa kujifunzia haya yote, ule msitu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi na ni kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu wa pwani wa aina yake Afrika Mashariki. Raha yake ni kwamba ni kama misitu mitatu iliyoshikana, una msitu mchanganyiko, una miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe, halafu una vichaka vya udongo mwekundu ambavyo kuingia ni kazi na kutoka ni kazi. Humo kwenye udongo mwekundu ndimo anamokaa bundi mdogo wa Sokoke, mdogo kweli, sentimita 16 hivi, wapo wa kijivu na wapo wa rangi ya kutu, na sayansi imemjua tangu miaka ya 1960 tu. Mchana analala kwenye kichaka, mara nyingi wawili wamebanana bega kwa bega. Peke yako humpati. Wanaompata ni waongozaji wa pale pale, wanajua vichaka vyake, mmoja anakuacha umesimama njiani anaingia mwenyewe kwa kuinama, unasikia majani, kimya, halafu mluzi mdogo wa kukuita.

Na hapa niseme jambo linaloniudhi. Kuna watu wanacheza sauti ya ndege kwenye simu ili atoke, wanaicheza tena na tena mpaka mnyonge wa watu anakuja anarukaruka juu ya vichwa vyao akidhani kavamiwa kwenye eneo lake. Mara moja kwa sauti ya chini, kwenye msitu usiopata wageni wengi, siwezi kugombana na mtu. Lakini kwenye njia ileile kila wiki, kila kundi na spika yake, yule ndege anaacha kula na kulisha watoto akipambana na adui asiyekuwepo. Nilishawahi kuwa kwenye msafara ambapo jamaa mmoja aliweka sauti kwa bundi aliyelala, mchana kweupe, eti afungue macho picha ipendeze. Mwongozaji akafunga safari, turudi. Sikumlaumu.

Misitu hii bado ina siri, usidhani kila kitu kimeshaandikwa. Kwale wa Udzungwa kule Tanzania aligundulika na wanasayansi mwaka 1991, na alivyogundulika ni kwamba watafiti wa Denmark waliona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria kambini. Sufuria! Waliompika walikuwa wanamjua vizuri tu. Na alipochunguzwa ikaonekana ndugu zake wa karibu ni kwale wa misitu ya Asia, sio hawa wa kwetu.

Kwenye vinamasi mambo ni tofauti kabisa. Huko ndege wako wazi, tatizo ni kuwafikia, na usiwafikie, kaa ukingoni au kwenye mtumbwi watakusogelea. Mwanga upo wa kumwaga, kwa hiyo panga jua liwe mgongoni kwako, asubuhi upande huu jioni upande ule, jambo dogo hilo lakini linaokoa siku nzima. Na usimdharau ndege wa kawaida. Mtazame sile-maua, yule wa rangi ya hudhurungi mwenye vidole virefu kupita kiasi anayetembea juu ya majani ya yungiyungi. Kwao dume ndiye anayeatamia na kulea, jike akishataga anakwenda zake kutafuta dume mwingine. Mara unamwona dume anatembea mzito mzito na chini ya mbawa zake inaning'inia miguu, mingi, mirefu, mwembamba kila mmoja, unahesabu sita, nane, ni watoto amewabana kwapani anawahamisha. Akifika panapomfaa anafungua mbawa wanadondoka kwenye jani, wanatawanyika kama hakuna kilichotokea.

Halafu kuna yule korongo wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu ambaye watu wanavuka bahari kuja kumwona. Mabamba, Uganda, ukingoni mwa ziwa Viktoria, unaingia kwa mtumbwi kwenye njia za maji katikati ya mafunjo. Chakula chake kikubwa ni samaki aitwaye kamongo, na kamongo anakuja juu kuvuta hewa, kwa hiyo korongo anasimama tu anangoja, anasimama mpaka unaanza kusema huyu sanamu. Siku nyingine hafanyi kitu chochote asubuhi nzima. Siku nyingine anaanguka mzima mzima, mdomo, mbawa, kila kitu ndani ya maji, anainuka na gugu na samaki vyote mdomoni, anachambua taratibu huku gugu likidondoka kando. Zamani wavuvi wa pale walimwona ni nuksi, ukikutana naye siku hiyo hupati samaki, na aliuawa kwa sababu hiyo. Siku hizi baadhi ya wavuvi ndio wanaowapeleka wageni kumwona.

Kwenye mikoko kinachoamua ni maji, saa ya mkononi haikusaidii. Hori la Mida liko jirani kabisa na Arabuko-Sokoke, asubuhi unakuwa msituni na alasiri uko mikokoni, lakini ukifika maji yamekupwa kabisa ndege ni vidoti kilomita moja mbele kwenye tope. Njoo maji yanapoanza kujaa, hasa siku za bamvua, yaani maji makubwa, kaa utulie, maji yanawasukuma kidogo kidogo kuja kwako mpaka unaona rangi ya miguu. Kati ya Agosti na Aprili hivi wanakuwepo wageni kutoka kaskazini, na ninayempenda mimi ni yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, Kiingereza wanamwita crab plover. Kwao ni fukwe za Uarabuni na jirani zake, huko anachimba shimo mchangani kama panya, anataga yai moja ndani, joto la mchanga linasaidia kuliatamia, na anapokuja huku mara nyingi yuko na mtoto wake ambaye bado anamlisha mwenyewe.

Sasa mtu akiniuliza niende msituni au kinamasini huwa namtajia kwera wa Clarke, ndege wa jamii ya wale wanaosuka viota. Njano na nyeusi, anapatikana kaunti ya Kilifi tu duniani kote, aliandikwa kisayansi mwaka 1913. Watu walikuwa wanamwona Arabuko-Sokoke kwenye vilele vya mirihi, makundi yanapita juu yanachakura majani yanaondoka, lakini kiota chake hakuna mtafiti aliyewahi kukiona. Wakatafuta juu ya miti, maana ni ndege wa msituni, angejenga wapi kwingine? Mwaka 2013, miaka mia nzima, watu wa kikundi cha uhifadhi cha wenyeji wa Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, wakiwa na wenzao wa shirika la uhifadhi la Nature Kenya, ndio waliomkuta anajenga, na alikuwa anajenga kwenye ndago, yale majani ya majini yanayofanana na nyasi, ndani ya kidimbwi cha msimu kilichojaa maji ya mvua, viota vimeshikana huku maji yako chini yake.

Yaani mirihi peke yake haimtoshi. Ukilinda msitu wote vizuri lakini vile vidimbwi vya Dakatcha, ambavyo kiangazi mtu anaviona kama uwanja mkavu tu wa kulima, vikageuzwa shamba la mananasi, au mirihi ya huko ikaishia kwenye magunia ya mkaa kama inavyoendelea, hana pa kutagia. Ndiyo sababu safari zangu za huko siku hizi nazipanga kufuata mvua, namfuata mwongozaji wa Dakatcha mwenyewe anayejua dimbwi gani limejaa mwaka huu, na tunasimama mbali na ndago, darubini inatosha. Barabara ikiwa na tope gari linaachwa, mnatembea, na chunga upupu kandokando ya njia.