Nani alikuwa anamshika mkono?

Siku ya nne leo, na swali la Mama bado halijanitoka kichwani.

Habari ya macho yake mnaijua. Ni presha ya macho, na Jumatatu daktari alisema kilichopotea hakirudi, kilichobaki tukilinde kwa matone. Tukarudi Ujiji kwa bajaji, kimya. Kufika barazani nikaona nimpe moyo. Nikamsimulia Alicia Alonso, yule Mkuba wa baleti ninayemsoma tangu mwezi uliopita.

Nikamwambia: Mama, huyu retina, ile ngozi ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, ilibanduka akiwa na miaka kama 20. Akapasuliwa zaidi ya mara moja, akalazwa mwaka mzima asitikise hata kichwa. Alipoinuka, mwaka 1943, mchezaji mkubwa wa kundi lao huko New York akaugua, akaingia yeye kucheza Giselle, mhusika mkuu wa baleti ya jina hilo, na watu hawakumsahau tena. Mwaka 1948 akaanzisha kundi lake Havana. Amecheza mpaka 1995, miaka sabini kaipita, anaongozwa na mwanga wa taa za jukwaani. Na kundi kaliongoza hadi alipofariki Oktoba 2019, ana miaka 98!

Mama alikuwa anachambua maharage kwa vidole. Hakuinua uso.

"Na nani alikuwa anamshika mkono?"

Nikajibu upesi, "Mumewe, Mama. Fernando. Naye alikuwa mchezaji."

"Ee," akasema. "Basi."

Hilo "basi" nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia nikiandika ubaoni, nimelisikia nikisuuza nguo. Baba ana mwaka wa sita kaburini. Mimi nakaa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, Ujiji nafika Jumapili, na saa kumi na moja nishaanza kutafuta viatu. Mama hakuwa anauliza habari za Havana. Wiki hii posa ya mdogo wangu imepokelewa na shuleni tumeletewa mkuu mpya, na yote hayo yamenipita.

Jana nikaenda, na haikuwa Jumapili. Nikamweleza nilichokiruka: kwamba siku zile za kulala, Fernando alikaa kando ya kitanda akimfundisha Giselle kwa vidole, viwili vikawa miguu, shuka likawa jukwaa.

Mama akacheka. Miezi sijamsikia akicheka vile.

"Hebu lete mkono."

Akaniwekea vidole mkekani, akaanza kunipigia mwendo wa ngoma waliyokuwa wakicheza akina mama wa mtaani kwetu kwenye harusi, yeye akiwa mbele. Cha shahada kinatangulia, cha kati kinaburuta, vinageuka, vinatulia kidogo, vinaanza upya. Nikakosea. Akanichapa kiganjani kama nina miaka saba.

"Na kiuno, Mama?"

"Kiuno hakina kidole. Hicho mpaka usimame."

Tukasimama. Alinishika mkono yeye, mimi ndiye niliyekuwa nayumba. Tulicheza mpaka jirani akaja kuchungulia mlangoni, akapiga kigelegele bila kuuliza kuna nini. Nililala huko huko. Alfajiri nilimtia matone mwenyewe, na nimeshamwambia dada yangu kwamba Jumatano na Ijumaa ni zangu.

Sasa wingu limefunga upande wa ziwa, zito. Dagaa wangu wote bado wameanikwa Kibirizi, na niliyemwachia hapokei simu.