Hukuuliza Muda Wangu

Tangu Jumapili kauli moja ya binti yangu imenikaa kooni kama mwiba wa changu, haimezeki wala haitemeki. Wiki yenyewe haikuwa haba, maana tumekuwa na arusi, na kule bandarini zamu zetu zote zimepangwa upya, lakini kila ninapotulia, akili hunirudisha Kasarani, kule Nairobi, kando ya bwawa la mashindano ya kuogelea, mtoto ametoka majini anahema, nami nikiwa na taulo lake mkononi nikamwuliza, “Umekuwa wa ngapi, mama?”

“Wa sita,” akajibu. Kisha, bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, “Lakini baba, hukuuliza muda wangu.”

Muda wake ulikuwa dakika 1 na sekunde 14.62 katika mita 100 za mtindo wa kipepeo, pungufu ya sekunde 2 na ushei kuliko mwaka jana katika bwawa lilo hilo. Huku Mombasa yeye hufanyia mazoezi bwawa la mita 25, ambamo mita 100 humpa kuta tatu za kujisukumia. Kasarani ni mita 50, ukuta ni mmoja tu, na safari iliyobaki ni ya mikono na pumzi. Hayo yote kocha ameshanieleza zaidi ya mara moja, nikaitikia kwa kichwa. Mimi nilijifunza kuogelea kwa kusukumwa majini na kaka zangu pale Mtongwe, na kipimo chetu kilikuwa kimoja: nani katangulia kuishika mashua.

Katika treni ya kurudi, tulipokwisha kupita Voi, nilijikaza nikamwuliza muda wake. Akacheka hadi abiria wa mbele wakageuka. Akaniambia kwamba mwogeleaji wetu wa Kenya, Jason Dunford, alikuwa wa tano katika fainali ya kipepeo ya Beijing mwaka 2008, lakini katika mchujo aliogelea sekunde 51.14, rekodi ya Olimpiki. Nikamkumbusha kwamba rekodi ile ilivunjwa kabla mchujo wenyewe haujaisha. “Ndiyo, baba, lakini aliiweka.” Halafu akanionyesha ukurasa wa mwisho wa daftari lake la hisabati, ambapo ameandika 1:10 kwa kalamu nyekundu na, chini yake, mwaka atakaotimiza miaka 15. Nilikaa na furaha hiyo hadi Miritini.

Sasa, kwa kuyarudia mno mazungumzo yale ya kando ya bwawa, nimekumbuka jambo ambalo siku ile sikulitilia maanani: alipolipokea taulo alijifuta nywele kwa mkono wa kulia peke yake, na ule wa kushoto aliuacha ukining'inia. Leo asubuhi mkoba wa shule pia aliutia bega la kulia. Nimemwuliza, akasema hakuna kitu.